Godauni la zamani: jua kwanza lilihifadhi nini

Kabla hujamwita mchora ramani, mtafute mzee aliyewahi kubeba magunia ndani ya godauni hilo. Atakuonyesha upande uliokuwa wa mbolea, upande wa mahindi, kona walikokuwa wakiweka dawa za kunyunyizia kahawa, na mlango uliokuwa ukiingiza maji kila masika. Habari hizo hazimo kwenye hati wala kwenye ramani ya jengo, nazo ndizo zitakazoamua kama jengo litafaa kuwa ukumbi, karakana, soko au kiwanda kidogo cha kufungasha parachichi. Watu wengi huanza na ndoto ya matumizi mapya, kisha wanalilazimisha jengo liifuate. Huko ndiko fedha zinakopotelea.

Nyanda za Juu Kusini tuna majengo haya kwa wingi: maghala ya vyama vya ushirika, ya kahawa na pareto, yale ya pembeni mwa reli ya TAZARA, na ya bandarini Ziwa Nyasa upande wa Kyela. Bandari huzeeka kwa namna yake. Itungi ilipozidi kujaa mchanga, Kiwira ndiyo ikapata kazi. Liverpool kule Uingereza, gati la Albert Dock lililofunguliwa mwaka 1846 kwa meli za tanga lilifungwa mwaka 1972, maana meli zilikuwa zimekuwa kubwa kuliko milango yake. Walipoamua kulifufua, kazi ya kwanza ilikuwa kutoa matope yaliyojaa ndani, na mwaka 1988 likafunguliwa upya likiwa na makumbusho, maduka na nyumba za kuishi. Cape Town wana kihenge cha nafaka cha bandarini kilichojengwa miaka ya 1920, chenye mabomba 42 ya zege. Mwaka 2017 kikawa makumbusho ya sanaa. Karibu zaidi, jengo la forodha ya zamani pale Mji Mkongwe, Zanzibar, liligeuzwa kuwa chuo cha muziki. Kwa hiyo kazi yenyewe inawezekana. Tunataka kuona ikifanyika huku kwetu kwa usahihi, maana jengo lenye upana wa mita 20 bila nguzo katikati ni mali ambayo leo ukitaka kuijenga upya utaumia.

Tuanze na mbolea, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya mafundi kuliko kitu kingine. Ghala lililohifadhi mbolea ya chumvichumvi kwa miaka mingi limenyonya nitrati ndani ya plasta, ndani ya tofali na ndani ya sakafu. Nitrati inavuta unyevu kutoka hewani. Matokeo yake ni ukuta unaolowa kila masika, rangi inayovimba na kubanduka kwa vipande, na unga mweupe unaotokeza kuanzia chini hadi urefu wa mita moja au moja na nusu. Fundi anatafuta bomba linalovuja, halioni. Anapiga plasta mpya ya saruji, anapaka rangi ya mafuta, na baada ya msimu mmoja wa mvua inabanduka yote, kwa sababu chumvi imezibiwa ndani na inasukuma kutoka nyuma.

Dawa yake ni kazi ya uvumilivu. Bandua plasta yote hadi nusu mita juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu. Kwangua maungio ya tofali kina cha sentimita 2. Piga brashi ngumu ikiwa kavu, kusanya unga wote na uutoe nje. Usimwage maji, kwa maana maji yatairudisha chumvi ndani. Kisha kandika ukuta kwa udongo laini wa mfinyanzi uliochanganywa na karatasi zilizolowekwa, unene wa sentimita 2 hivi, uache ukauke kabisa. Unapokauka, unyevu unatoka na chumvi inabaki kwenye kandiko. Bandua, rudia mara mbili au tatu. Mwisho piga plasta ya chokaa, siyo ya saruji tupu, na upake rangi ya chokaa inayoruhusu ukuta kupumua. Kama mwenye mali anataka marumaru ukutani, mwambie mapema kwamba kwenye ukuta huo hazitadumu.

Kwenye zege lenye nondo, mbolea hiyo hiyo ina ubaya mwingine: huharibu zege linalokinga nondo zisiote kutu. Kipimo rahisi: chonga kishimo kipya kwenye nguzo, futa vumbi, nyunyiza fenofthalini, ambayo hupatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Zege zima linageuka rangi ya waridi iliyokolea. Sehemu isiyobadilika rangi imekwisha kinga yake, na nondo iliyoko hapo iko tayari kuota kutu. Kama kina kisichobadilika rangi ni sentimita 1 na nondo iko sentimita 3 ndani, bado una muda. Kama rangi inaanzia nyuma ya nondo, usijidanganye kwa plasta. Chonga zege hadi nyuma ya nondo, safisha chuma hadi king'ae, ndipo ujaze upya. Kipimo hiki hakionyeshi chumvi zenyewe, kwa hiyo kwenye ghala la mbolea peleka pia vumbi la zege maabara.

Dawa za wadudu ni jambo la kusimamisha kazi. Ghala lililohifadhi dawa za kilimo za miaka ya nyuma linaweza kuwa na mabaki ndani ya nyufa za sakafu hata baada ya kufagiwa kwa miongo. Chukua sampuli ya vumbi la kwenye nyufa na ya zege la juu, uzipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda Mbeya. Jengo la namna hiyo laweza kuwa karakana ya kuchomelea vyuma au stoo ya vifaa vya ujenzi. Lisiwe la kusaga nafaka, kukausha kakao wala kulelea watoto hadi majibu yatoke safi.

Sasa sakafu. Hapa wenye majengo huogopa bure. Magunia ya mahindi yaliyopangwa hadi urefu wa mita 4 hukandamiza sakafu kwa karibu tani 2.5 kila mita ya mraba. Ukumbi uliojaa watu huhesabiwa kilo 500 tu. Sakafu iliyobeba magunia miaka 40 bila kutitia itabeba harusi bila shida. Tatizo linakuja pale unapotaka ghorofa ya ndani. Ukisimamisha nguzo juu ya sakafu ya zege ya sentimita 15, uzito wote unashuka kwenye kitako kidogo kama sahani na zege linatobolewa. Piga hesabu: nguzo zikiwa mita 5 kwa 5, kila nguzo ya kati inabeba mita za mraba 25, na kila mita ya mraba ina kilo 500 za watu na vitu, na kilo 150 za ghorofa yenyewe ya chuma na mbao, jumla tani 16 na zaidi. Udongo mgumu wa Mbeya au Iringa unaobeba tani 15 kwa mita ya mraba unahitaji msingi wa mita 1.1 kwa 1.1. Udongo laini wa mashapo kule Kyela, ukibeba tani 7 tu, unahitaji mita 1.6 kwa 1.6. Hizo ni hesabu za kukupa picha. Kipimo cha udongo kinafanywa palepale. Kata sakafu kwa grenda kubwa, chimba, mwaga msingi mpya, uache mwanya wa sentimita 2 kati ya msingi huo na sakafu ya zamani ili kila kimoja kititie kivyake.

Chini ya nguzo za chuma za zamani piga magoti uangalie. Pale nguzo inapoingia sakafuni ndipo maji ya kudeki hutuama, na kutu huanzia hapo, sentimita 10 za mwisho. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Kutu huvimba mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo magamba manene ya kutisha yanaweza kuwa yamekula milimita moja tu. Usikadirie kwa macho. Kwangua hadi chuma cheupe na upime unene kwa kalipa, kisha linganisha na sehemu ya juu ya nguzo hiyo hiyo. Ikiwa imepungua zaidi ya sehemu moja kwa kumi, mhandisi ahesabu upya. Mara nyingi bamba la milimita 8 linalochomelewa pande mbili, likianzia sentimita 30 juu ya uharibifu, linatosha.

Paa ndilo litakalokula bajeti, na ndipo kosa kubwa kuliko yote linapofanyika.

Magodauni mengi ya zamani yameezekwa kwa asbestosi. Haziruhusiwi kuvunjwavunjwa, kutobolewa kwa drili, kukatwa kwa grenda wala kutupwa kutoka juu, maana vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na maradhi yake hujitokeza baada ya miaka 20 na zaidi. Mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, inayojulikana na wengi kama NEMC, ndiyo inayosimamia taka hatarishi, kwa hiyo anza na barua kwao ili mkubaliane zitakakozikwa. Siku ya kazi zilowesheni kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, kwa bomba la mnyunyizo mwembamba. Bolti za kulabu zikatwe kwa mkasi wa bolti. Shusheni bati moja moja, nzima, zikipokewa kwa mkono. Zifungeni kwa nailoni nzito tabaka mbili, na kila furushi liandikwe. Mafundi wavae barakoa za kiwango cha P3 na ovaroli za kutupwa; barakoa za kitambaa hazizuii chochote hapo. Na msitembee juu ya bati zenyewe: asbestosi iliyozeeka inavunjika ghafla kama biskuti. Laza mbao pana zinazokaa juu ya papi, yaani miti au vyuma vinavyobeba bati.

Baada ya hapo ndipo kosa. Asbestosi ina uzito wa kilo 15 hadi 17 kwa mita ya mraba. Bati la geji 28 lina kilo 4 hivi. Kwenye paa la mita za mraba 650 umeondoa karibu tani 8. Watu hufurahi kwamba jengo limepumua. Lakini uzito ule ndio uliokuwa ukilishikilia paa chini. Upepo wa kilomita 120 kwa saa unavuta paa kwenda juu kwa karibu kilo 70 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kingo na pembe zaidi ya hapo. Tuseme kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zina urefu wa mita 20 na zimepangwa kila mita 5: kila kenchi inabeba mita za mraba 100, yaani upepo unaivuta kwa tani 7. Bati jipya, papi na kenchi yenyewe, tuseme, vina jumla ya tani 2.4. Zinabaki tani 4.6 za kunyanyua, yaani 2.3 kila mwisho wa kenchi. Bolti mbili za milimita 16 zinaweza kuzuia hizo bila kukatika. Kinachong'oka ni tofali ambalo bolti zimefukiwa ndani yake.

Ukuta wa bloku za inchi 6 una uzito wa karibu kilo 300 kwa mita ya mraba. Ili upate tani 2.3 za kushikilia, unahitaji karibu mita za mraba 8 za ukuta zifungamane na mwisho huo wa kenchi. Kwa hiyo mwaga mkanda wa zege juu ya ukuta wote, sentimita 15 kwa 25, nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Kutoka kwenye mkanda huo shusha nondo za milimita 12 ndani ya ukuta, kwenye matobo ya bloku au mifereji iliyochongwa, hadi mita 2 chini, ukizijazia zege. Mkanda unasambaza mvuto kwa mita zote 5 kati ya kenchi na kenchi, na nondo zinaufanya ukuta ule ushuke na kupanda kama kitu kimoja.

Jambo la pili la paa: papi za asbestosi kwa kawaida zimeachana mita 1.35 hadi 1.4. Bati la geji 28 likiwekwa kwa nafasi hiyo linapinda fundi anapolikanyaga, na misumari inalegea. Ongeza papi ili nafasi iwe mita 0.9 hadi 1. Tumia skrubu zenye washa za mpira, siyo misumari, na kwenye kingo za paa weka skrubu kila bonde la bati. Bati angavu za kuingiza mwanga ziwe sehemu 8 hadi 10 kwa mia ya paa, zisambazwe, na chini yake weka wavu wa chuma, kwa maana siku moja mtu atazikanyaga.

Mvua ya Kyela ni habari nyingine. Mvua kubwa ya milimita 120 kwa saa kwenye paa la mita za mraba 600 inashusha lita 20 kila sekunde. Bomba la kushushia maji la inchi 4 likichukua lita 4 hadi 5, unahitaji mabomba 3 kila upande. Ukiweka moja kila kona kama kwenye nyumba ya kuishi, gata itafurika na maji yatapiga chini ya ukuta. Maghala mawili yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu yana mfereji katikati ya mapaa. Huo upanuliwe hadi mtu aweze kutembea ndani yake, na uwe na njia ya dharura ya kutolea maji mwishoni, iliyo chini kuliko kingo za bati.

Kwa majengo yaliyo ufukweni kabisa, kumbuka kwamba kina cha Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1915, ziwa lilipokuwa chini kiasi kwamba Mto Shire uliacha kutoa maji, na mwaka 1980, tofauti ilizidi mita 5. Alama ya maji unayoiona leo siyo mpaka. Weka soketi na swichibodi mita 1.2 juu ya sakafu, usitumie mbao zilizogandishwa kwa kuta za ndani, na uache njia ya maji kutoka. Shimo la choo huko hujaa maji ya ardhini. Jenga tangi lililozibwa, zito, lisielee likiwa tupu.

Tusisahau tetemeko. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya Kyela, matetemeko yaliangusha nyumba nyingi. Kwenye godauni, kinachoanguka mwanzo ni pembetatu ya tofali iliyo chini ya paa, mbele na nyuma, kwa kuwa imesimama peke yake bila kushikwa na kitu. Dawa bora ni kuiondoa na kuweka fremu ya chuma iliyofunikwa bati. Ikibaki, mwaga mkanda wa zege ukifuata mteremko wake na uufunge kwenye papi kila baada ya mita 1.2. Unapotoboa madirisha mapya, kaa mita 1 kutoka pembe ya jengo, acha angalau sentimita 60 za ukuta kati ya tundu na tundu, na matundu yote yasizidi nusu ya urefu wa ukuta. Linta itangulie na ikomae siku 14; baada ya hapo ndipo tofali za chini zitolewe.

Magunia hayakimbii moto, watu wanakimbia. Milango ya kusukuma pembeni haifai kuwa ya dharura. Ukumbi wa watu 300 uwe na milango miwili pande tofauti, kila mmoja upana wa mita 1.5, inayofunguka kwa nje, ili mmoja ukizibwa na moto wote wapite ule mwingine. Jukwaa la kupakilia lina urefu wa mita 1.1 hivi juu ya barabara, kwa hiyo mlango wa dharura usimtupe mtu hewani: jenga ngazi pana, na mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12, yaani urefu wa mita 13.2. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua michoro mapema, kabla hujamwaga zege. Vyoo viwekwe ukutani upande wa nje. Ukiviweka katikati ya jengo, bomba la inchi 4 lenye mteremko wa 1 kwa 40 litakuwa limeshuka nusu mita likifika mita 20, na utakata sakafu nzuri bila sababu.

Godauni moja likiwa Kyela, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na lingine Mbeya mjini, mita 1,700, hayawezi kutengenezwa sawa. Kyela unahitaji matundu ya hewa chini ya ukuta na kwenye mgongo wa paa ili joto litoke lenyewe. Mbeya, Njombe na Makete, Juni na Julai, mvuke wa pumzi za watu unagusa bati baridi usiku na kudondoka kama mvua. Hapo weka dari yenye kizuia joto cha sentimita 5, na uache hewa ipite kati ya dari na bati.

Karatasi zianze mapema. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na katika kupokezana huko baadhi ya maghala yalibadili mikono bila hati kufuata. Hakikisha kwa ofisi ya ardhi na kwa mrajisi wa ushirika nani mmiliki, ndipo uombe halmashauri ibadili matumizi ya ardhi na kutoa kibali cha ujenzi. Mkopo wa benki hautatoka bila hivyo viwili.

Ukishakabidhi jengo, panga kurudi mara mbili mwaka wa kwanza. Oktoba, kabla ya mvua, safisha gata na mfereji wa katikati. Mei, mvua zikiisha, kaza nati zote za kenchi na skrubu za kingo za paa, maana bati jipya hutanuka na kusinyaa hadi likae sawa, na kila washa ya mpira iliyopasuka ibadilishwe siku hiyo hiyo.